Benchi la Tatu, Mbele ya Kamera

Wiki nzima Attracta Gilhooly alikuwa akijizoeza kusema maneno machache tu. Aliyasema akiosha vyombo, aliyasema akiwamwagia kuku pumba, na akikosa wa kumwambia aliliambia birika: "Cathal, mwanangu, njoo nyumbani kabla baba yako hajakusahau." Hayakuwa maneno magumu. Mtu wa mahali pengine angeyasema kwa simu siku ya kwanza na mambo yakaisha. Lakini Attracta ni mwanamke wa Drumlarra, na huku kwetu Leitrim mtu akiulizwa hali hujibu kwamba yuko sawa kabisa, hata kama paa limemwangukia na bado hajatolewa chini yake. Zaidi ya mwaka sasa alikuwa akimwambia mwanawe aliyeko Australia kwamba wako sawa kabisa, na uongo ukirefuka hivyo mtu hajui tena autokee mlango gani.

Siku alikuwa ameshaichagua: sikukuu ya Mtakatifu Patriki, msimamizi wa nchi yetu. Siku hiyo Cathal huko Perth huitazama misa ya nyumbani kwa ile kamera ambayo parokia iliifunga wakati wa korona, halafu hupiga simu ya video, na jiko la huku na jiko la kule huwa na kitu kilekile mezani, jeli ya kijani. Wananyanyua mabakuli mbele ya vioo, wanacheka, wanakula. Siku hiyo Cathal huwa na moyo laini. Attracta aliona kwamba kama hatayasema siku hiyo hatayasema tena.

"Nyoosha mkono, Jarlath," alimwambia mumewe asubuhi hiyo, akimvisha koti.

"Tunakwenda wapi?"

"Kanisani. Leo Patriki."

Jarlath alisimama akafikiri. Alikuwa mtu mrefu, aliyeendesha lori la maziwa la kiwanda cha siagi mpaka alipostaafu, na hakukuwa na njia ya shamba katika kaunti hii asiyoijua. Sasa kulikuwa na siku aliutafuta mlango wa choo ndani ya kabati.

"Kama leo Patriki," alisema, "basi naweka sukari."

Attracta alicheka mpaka akashika meza. Tangu utotoni Jarlath huacha sukari Kwaresima yote, na sikukuu ya Patriki ndiyo siku pekee Kwaresima humfungulia mlango. Hilo alikuwa bado nalo. Alimtilia vijiko viwili vilivyojaa, naye akakoroga, akakoroga, mpaka chai ikapoa kikombeni bila kunywewa.

"Cathal ameshaamka?" aliuliza.

"Cathal yuko Australia."

"Lini kaondoka?"

"Juzi," alisema Attracta. Alisema juzi kwa sababu juzi ilikuwa rahisi, maana siku aliyosema ukweli Jarlath alilia.

Mlangoni mwa kanisa alisimama Concepta Mulvey na kikapu cha shamroki, yale majani matatu ya Patriki, ameyachimba mwenyewe shambani kwake na kuyafunga mafungu madogo ya kubandika kifuani. Concepta ndiye anayepanga maua, ndiye anayehesabu mishumaa, na kama kuna jambo katika parokia asilolijua basi jambo hilo halijatokea.

"Attracta! Na Jarlath mwenyewe! Hee, umependeza bwana, utadhani unakwenda kuoa."

"Mke ninaye," alijibu Jarlath, "na huyu hajaisha bado."

Watu waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Attracta naye alicheka, na mabega yakamshuka kidogo. Zilikuwepo asubuhi kama hizo, ambapo ungeapa kwamba mtu hana lolote.

Concepta alimbandika Jarlath shamroki yake, kisha akamuuliza Attracta habari zake kana kwamba mwenyewe hayupo, kama watu walivyokuwa wameanza kufanya siku hizi.

"Vipi yeye?"

"Mzima kabisa."

"Analala?"

"Analala vizuri tu."

"Na Cathal anajua hali yake?"

"Cathal anajua yote," alisema Attracta, na akaingia kanisani na uongo huo mdomoni, siku ya sikukuu, mbele ya maji ya baraka.

Walikaa benchi la tatu upande wa kushoto. Kamera imefungwa juu kwenye ghorofa ya wanakwaya, nyuma kabisa, kwa hiyo huona altare na migongo ya watu, na benchi hilo ndilo inaloliona vizuri zaidi. Attracta alilichagua mwaka ule wa kwanza kwa ajili ya Cathal. Kila sikukuu ya Patriki hujifunga kitambaa kilekile cha kijani kichwani, ili mwanawe asihangaike kumtafuta kati ya visogo vya parokia nzima.

Misa ilikwenda vizuri. Padri Sebastian, ambaye ametoka Kerala, kwenye joto, na huvaa sweta mbili chini ya kanzu yake, alihubiri kwamba Patriki naye aliletwa nchi hii akiwa mgeni na akaisikia baridi. Watoto wa shule waliimba. Jarlath alitulia. Attracta alimvua kofia, akamwinulia mkono wakati wa ishara ya msalaba, akamgusa goti kila ilipofika zamu ya kusimama au kukaa.

Kisha kikapu cha sadaka kikaja. Jarlath alikizungusha kikapu hicho tangu Cathal akiwa mdogo, na alipoanza kukosea kazi ilipewa kijana wa Farrelly, Enda. Enda alipofika benchi la tatu Jarlath alisimama, akakitwaa kikapu mikononi mwake bila neno, na Enda, ambaye kalelewa kuheshimu wazee, akakiachia.

Na jamani, aliifanya kazi sawasawa. Alikwenda benchi baada ya benchi, akimwinamia kila mtu kichwa, akiwangoja akina mama wafungue pochi zao. Attracta aliona fahari ikimpanda kifuani. Aliwaza: Cathal anaona. Hebu mtazame baba yako, Cathal, mtazame alivyo.

Jarlath alifika mbele, kwenye ngazi ya altare, mahali pa kukiweka kikapu. Akakiweka. Halafu, badala ya kurudi, akageuka akakaa pale pale kwenye ngazi. Akainama, akafungua kamba za viatu. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga sambamba kwa uangalifu kama anavyovipanga jikoni kwake kila jioni, akanyoosha miguu mbele kana kwamba pana moto. Soksi moja ilikuwa yake, ya kahawia. Nyingine ilikuwa ya Attracta, yenye maua.

Watoto wa kwaya ndio walioanza kucheka, mwalimu wao akawakemea. Wakubwa wote walitazama sakafu. Watu wetu ndivyo walivyo, aibu ya mwenzao ikitokea hupata ghafla jambo la kuchunguza kwenye mawe ya sakafu. Enda alisimama katikati ya kanisa mikono mitupu, masikio yamemwiva. Padri Sebastian alikaa kwenye kiti chake akangoja, na hiyo ilikuwa heshima pekee ambayo mtu alimpa Attracta siku hiyo.

Alikwenda. Alipiga magoti mbele ya mumewe.

"Lete mguu, Jarlath."

"Ndio kwanza naingia," alisema Jarlath kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Niache nipashe miguu, mwanamke, nimeendesha tangu alfajiri."

"Utapasha nyumbani."

"Hapa ni wapi?"

Alimvisha kiatu. Alikosea fundo, akalifungua, akalifunga upya, na kanisa zima likiwa kimya kiasi cha kusikia kamba ikipita kwenye tundu. Kisha akamwinua, akamshika kiwiko, akageuka naye. Hapo ndipo alipoiona kamera, kule juu, ikimtazama usoni. Miaka yote hiyo ilikuwa imeuona mgongo wake. Alishusha macho, akatembea na mumewe mpaka benchi la tatu.

Nje baada ya misa hakuna aliyelitaja. Walizungumza juu ya hali ya hewa, kwamba matrekta ya gwaride la Patriki yamepata bahati, mvua haipo. Walimpa Jarlath mkono kwa nguvu kupita kiasi. Concepta peke yake ndiye aliyemfuata Attracta mpaka kwenye gari.

"Njooni mle kwangu," alisema. "Nyama imenizidi, na Jarlath ataona watu."

"Tunayo yetu inachemka."

"Basi nije mimi niwasaidie."

"Tuko sawa kabisa, Concepta."

"Attracta, mpenzi wangu, nimekuona..."

"Nimesema tuko sawa!"

Concepta alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo hasa ambayo Attracta hakuweza kuibeba saa ile. Aliliondoa gari kwa kishindo, na njia nzima Jarlath alimweleza mashamba yote waliyopita ni ya nani, bila kukosea hata moja.

Nyama ya nguruwe ya chumvi ilikuwa imeiva, kabichi limelainika katika maji yake, viazi vimepasuka maganda. Attracta aliweka mezani mkate wa magadi wenye zabibu kavu. Aliipindua jeli kutoka kwenye bakuli, ikatoka imeegemea upande mmoja kama mlevi aliyeshika ukuta. Alisimamisha tableti mbele ya viti viwili, akaiegemeza kwenye kopo la biskuti. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliomba kwamba mtandao wa Australia uwe umekatika asubuhi nzima.

Simu ililia.

"Bibi! Jeli yetu imesimama!" Orlaith, binti wa Cathal, alikuwa amevaa nguo za kulala na uso wake wote ulijaa kioo. Kule kulikuwa usiku tayari, na alikuwa ameruhusiwa kukesha kidogo kwa ajili hiyo tu. "Tazama, inatikisika!"

"Yetu imechoka, mjukuu wangu. Imelala ubavu."

"Inua, inua! Babu naye!"

Wakanyanyua mabakuli. Mkwewe, Renae, alipita nyuma akapunga mkono na kutakia sikukuu njema. Cathal alikuwa amekaa pembeni, mpana, amechomwa na jua la machimboni, na shamroki ya karatasi ambayo binti yake alimchorea imebandikwa kwenye fulana. Aliinua bakuli lake, akaonja, akasema ya mama ndiyo tamu, jambo ambalo husema kila mwaka ingawa zote hutoka kwenye pakiti.

"Na huyu mrembo ni nani?" aliuliza Jarlath.

"Mimi Orlaith, Babu!"

"Orlaith! Ala! Na meno yako ya mbele umemkopesha nani?"

Mtoto alicheka mpaka akajikunja. Attracta alianza kupumua. Labda hawakutazama. Labda kazi, labda mtoto, labda chochote kile.

Jarlath alimtazama Cathal kwa muda mrefu. "Mossie," alimwambia. Mossie alikuwa kaka yake, na amelala makaburini tangu kabla Orlaith hajazaliwa. "Mossie, zile nyasi umeshazikata?"

"Anatania," Attracta alidakia. "Unamjua baba yako na utani wake."

"Bado," Cathal alijibu taratibu. "Nangoja mvua ipite."

"Umefanya vizuri. Usizikate zikiwa mbichi."

"Sitazikata."

Attracta alimtazama mwanawe. Alikuwa amejibu upesi mno, na kwa ulaini mno. Mtu anayeshtuka hajibu hivyo.

"Orlaith, nenda kapige mswaki," alisema Cathal. Mtoto alilalamika, akabusu kioo, akaenda. Renae alikwenda naye. Jarlath alikuwa ameshaanza bakuli la pili na hakuwa na habari na mtu.

"Niliona, Mama."

"Umeona nini?"

"Kanisani."

"Aa, ile! Vile viatu vilikuwa vinambana. Nilimwambia asivivae, lakini unajua kiburi chake, siku kubwa kama leo..."

"Mama."

"...na moto wa kanisa wameuzima kubana matumizi, watu wote miguu imeganda..."

"Mama, mimi huangalia kila Jumapili."

Attracta alikiweka kijiko mezani.

"Kila Jumapili ipi?"

"Zote. Tangu vuli. Kamera haizimwi, Mama. Inawaka kila misa."

Hilo Attracta hakuwahi kuliwazia. Yeye na wenzake wote wa umri wake walijua kamera ni ya sikukuu: ya Krismasi, ya Patriki, ya mazishi, kwa ajili ya watu wa mbali. Siku hizo wanavaa vizuri, wanakaa wima, wanajua wanaonwa. Jumapili za kawaida mtu huenda na koti la kulishia kuku.

"Nimeona unavyomvua kofia," Cathal aliendelea. "Nimeona mkono unavyomwinulia. Kuna Jumapili, kabla ya Krismasi, mlitoka kwa ule mlango wa ubavuni kule mbele katikati ya mahubiri, ukawa unamsukuma taratibu, na suruali yake... Nimeona hiyo pia. Migongo tu, lakini nimeona. Leo ndio nimeuona uso wako."

Alikuwa akisema kweli. Kule Perth, Jumapili jioni, Cathal Gilhooly huingia gereji na sahani yake ya chakula, huketi juu ya kreti, huweka simu juu ya boksi la spana na kutazama visogo vya wazazi wake mpaka misa iishe. Mkewe anafikiri anatengeneza mashine ya kukatia majani. Mara mbili alilia humo ndani na sahani magotini, kisha akanawa uso, akapiga simu nyumbani, akauliza, "Hamjambo huko?"

Attracta alikumbuka hilo swali. Alihisi kama mtu aliyegundua kwamba majira yote ya baridi amekuwa akioga dirisha likiwa wazi.

"Unapiga simu kila Jumapili," alisema. "Unaniuliza hamjambo. Mimi nasema hatujambo. Na ndio kwanza umetoka kutuona."

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uniulize!"

"Nilikuuliza, Mama."

"Hukuniuliza! Uliniuliza hamjambo. Mtu wa posta huniuliza hamjambo!" Sauti ilimpanda, na Jarlath akaacha kula akamtazama. "Miezi yote hiyo nimekaa nikijiona niko peke yangu duniani. Namlaza, namwamsha, namfungia mlango asitoke kwenda kukamua ng'ombe aliowauza. Najisemea, angalau Cathal hajui, Cathal analala vizuri. Kumbe ulikuwa unanitazama. Ulinitazama nikizama, Cathal, na ukala chakula chako."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema."

Cathal alijifuta uso kwa kiganja. Hapo Attracta aliona kwamba maneno yake aliyojizoeza wiki nzima yako tayari mdomoni, hayahitaji tena mlango.

"Njoo nyumbani," alisema. "Njoo kabla baba yako hajakusahau. Siombi uhamie, Mungu apishe mbali. Wiki mbili tu. Kaa naye hapo mezani. Kuna asubuhi bado anauliza kama umeamka."

Cathal alitazama pembeni, upande alikokuwa mkewe. Attracta alimjua mtoto wake. Jibu alikuwa ameshaliona kabla hajafungua mdomo.

"Mama, si kwamba sitaki. Kazini wamebadilisha zamu zote, nikiomba ruhusa sasa hivi wananiweka pembeni. Na Renae naye, na shule ya mtoto... Krismasi. Krismasi nakuahidi, tutakuja wote."

"Krismasi."

"Ndiyo. Na hadi wakati huo mimi niko nanyi, unanielewa? Kila Jumapili niko pale. Nikiwaona kwenye lile benchi, mambo yangu yote yanatulia. Najisikia niko nyumbani. Kwa hiyo usijione uko peke yako, Mama. Jua tu kwamba nawatazama."

Alilisema hilo kwa moyo mweupe kabisa. Aliliona ni zawadi.

"Haya," alisema Attracta. "Vizuri. Krismasi si mbali."

"Mko sawa lakini?"

"Tuko sawa kabisa," alisema, na mkono wake mwenyewe ukakata simu.

Mchana matrekta ya gwaride yalipita barabarani na bendera zake, mbwa wakibweka, watoto wamepakwa kijani usoni. Attracta hakutoka. Alimpeleka Jarlath dirishani, naye akampungia mkono kila dereva kama mwenzake wa kazi. Walipokwisha kupita alifua soksi, ile ya kahawia na ile ya maua. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimsaidia kufanya kazi, lakini ilipofika jioni hasira ilimwishia na hakupata kitu kingine cha kuweka mahali pake. Alikaa upande wake wa moto na mumewe upande wake. Jarlath alimuuliza kwa adabu, kama abiria asiyemjua, kama anakwenda mbali.

"Nimeshafika," alimwambia.

"Bora hivyo. Barabara ni mbaya."

Jumapili iliyofuata alimvalisha Jarlath kama kawaida, soksi mbili zinazofanana, alizihakikisha. Kitambaa cha kijani alikiacha ndani ya sanduku la nguo. Mlangoni mwa kanisa Concepta alimwona akaanza kusema kitu, kisha akanyamaza, kwa sababu Attracta hakupita katikati. Alikwenda na mumewe upande wa kulia, nyuma kabisa, chini ya ghorofa ya wanakwaya, ambako dari hushikiliwa na nguzo moja nene ya mawe na ambako hukaa wanaochelewa na wanaotaka kuondoka mapema. Akamketisha Jarlath nyuma ya nguzo, akakaa naye.

"Si hapa petu," alisema Jarlath.

"Leo ndipo petu."

Concepta alisimama kidogo. Halafu, bila kuulizwa na bila kueleza, aliacha kiti chake cha siku zote kule mbele, akaja akakaa upande wa pili wa Jarlath. Yeye ndiye aliyemvua kofia. Attracta alitaka kumzuia, akaona hana nguvu ya kukataa, akamwachia.

Padri Sebastian alikuwa katikati ya somo pale simu ilipoanza kutetemeka ndani ya mfuko wa koti. Attracta aliiacha. Ilinyamaza, ikaanza tena. Ilinyamaza, ikaanza tena. Aliitoa akaona jina. Kule mbele benchi la tatu upande wa kushoto lilikuwa tupu, kwa maana huku kwetu hakuna anayekalia nafasi ya mtu, na kamera ilikuwa ikilitazama. Attracta alihisi kitu ambacho hakukihisi majira yote ya baridi, kwamba kuna mtu duniani anamtafuta.

Aliinama nyuma ya nguzo, akaiweka simu sikioni.

"Mama?" Sauti ya Cathal ilikuwa ya mtu aliyesimama ghafla. "Mama, mko wapi? Siwaoni. Baba yuko wapi? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tuko kanisani."

"Siwaoni!"

"Tumekaa upande mwingine."

"Upande gani? Mama, nilidhani... Mungu wangu, nilidhani kuna jambo limetokea. Rudini mahali penu basi. Tafadhali. Hamwonekani."

Concepta alitazama mbele, akijifanya hasikii. Jarlath alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, ametulia.

"Cathal," alinong'ona Attracta, "ukitaka kutuona, njoo."